Mpangaji Akighairi Kabla ya Kuhamia: Dipoziti Ihesabiwe Vipi

Mpangaji ametia sahihi Jumatatu, amelipa kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti, kisha Jumatano anapiga simu: hahamii tena. Wenye nyumba wengi, Kisumu na hata Nakuru, hujibu papo hapo kwamba pesa hazirudi. Jibu hilo ndilo huzaa kesi.

Ni kweli mkataba unamfunga. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 haimpi siku za kujifikiria baada ya sahihi. Mkataba usipotaja muda, kifungu cha 57 huufuata mpangilio wa kulipa kodi: anayelipa kila mwezi hutoa notisi isiyopungua mwezi. Lakini dipoziti ni dhamana, si faini. Mahakama hutaka kujua wewe mwenye nyumba umepoteza nini hasa, na sharti la kumkomoa mpangaji tu halisimami.

Muulize kwanza sababu. Kama uliahidi maji na amekuta mifereji mikavu, kosa ni lako, mrudishie zote.

Kama sababu ni yake, akuandikie siku hiyo hiyo, hata kwa WhatsApp, na arudishe funguo. Kisha tangaza nyumba mara moja. Kuifunga mwezi mzima ili pesa zake ziishe si haki, na ni vigumu kuitetea mbele ya hakimu.

Chukua nyumba ya mtaa wa Migosi, Kisumu, ya shilingi 18,000 kwa mwezi. Mpangaji alilipa 36,000, kodi na dipoziti. Mkataba ulianza tarehe 1, na mpangaji mpya akaanza kulipa tarehe 12. Nyumba ilikaa tupu siku 11, kila siku 600: hiyo ni 6,600. Alikuwa ameondoka na funguo, ukabadilisha kitasa kwa 1,200, risiti unayo. Jumla 7,800, unamrudishia 28,200. Rangi ambayo ungepaka hata hivyo usimkate.

Kabla ya kumpa mtu mwingine funguo, andikeni karatasi ya kuvunja mkataba: nambari ya nyumba, tarehe, hesabu yote, nambari za vitambulisho, sahihi mbili. Bila karatasi hiyo, watu wawili wanaweza kudai chumba kimoja, na keateka ndiye atakayekutana nao mlangoni. Pesa zitumwe kwa nambari ile ile ya M-Pesa iliyolipa. Akitaka ziende kwa mtu mwingine, aandike hivyo kwenye karatasi.

Duka ni jambo jingine: mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5 huangukia Sura ya 301, sheria ya upangaji wa maduka na hoteli, yenye notisi ya miezi 2 na jopo lake la migogoro.

Mkataba unaofuata uongezee sharti moja: "Mpangaji akighairi kabla ya kuhamia, atalipa kodi ya siku ambazo nyumba itakaa tupu, zisizozidi 30. Salio litarudishwa ndani ya siku 7 tangu nyumba kupangishwa tena au siku hizo 30 kuisha." Msomee kwa sauti kabla hajatia sahihi.