Sabu wa Jukwaani

Shangazi yangu wa Mikindani akiniuliza siku hizi nafanya nini Mtwara mjini, namjibu, "Ni sabu, shangazi." Anacheka. Kwake sabu ni kijana wa benchi pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, jezi haijaona jasho, anasubiri mwenzake achechemee.

Sabu wa tamthilia ya nyimbo hakai benchi. Kila onyesho nipo: muuza samaki katika kundi la waitikiaji, kapu kichwani. Na ndani ya kichwa hichohicho nimebeba nafasi ya mama, mhusika mkuu, ambayo naicheza tu mwenyewe akikosekana, na huenda nisiicheze mwaka mzima.

Watu hudhani kazi ni kukariri maneno. Maneno nayakariri huku nabangua korosho, na nyimbo nazisikia kila siku. Kinachotoa jasho ni njia. Anaingia na mguu gani? Nani anampita kwa nyuma? Chungu anampa nani, kwenye pigo lipi la ngoma? Hata nyuma ya pazia kuna njia: kitenge anabadilishia wapi, tochi anamshikia nani. Wenzako hawadai uimbe kuliko mwenyewe. Wanataka mkono wako uwe pale wanapoukuta siku zote.

Hili nililijua kwa kugongana. Mwanzoni nilijifunza njia za mama nikiwa nimekaa ukumbini, nikimtazama kwa mbele, nikachora kila kitu kwenye daftari. Siku ya kwanza ya kujaribu nikageuka kwa kujiamini kabisa, nikakutana uso kwa uso na kaka mwenye sinia la vikombe. Nilikuwa nimechora jukwaa kinyume! Kulia kwa jukwaa ni kulia kwa mwigizaji anayewaelekea watazamaji. Aliyekaa kwenye kiti anaiona kushoto. Tangu hapo namtazama mama kutoka nyuma ya jukwaa, nikiuona mgongo wake.

Nyakati nyingine nawaonea wivu wacheza ngoma ya vinyago ya Wamakonde, ile wengine mnaita mapiko na wengine midimu. Aliye ndani ya kinyago hatakiwi kujulikana. Mimi naingia na uso wangu, mbele ya watu waliokata tiketi kumwona mwingine.

London na New York, ambako tamthilia kubwa huchezwa mara nane kwa wiki, kazi hizi zimegawanywa. Yupo kama mimi, mwenye nafasi yake ndogo na kubwa ya akiba. Yupo anayengoja tu bila kucheza. Na yupo swingi, ambaye kwa kawaida haonekani jukwaani lakini anajua njia za watu wengi wa kundi. Kathy Voytko alikuwa mtu wa namna hiyo. Desemba 2021, New York, aliarifiwa saa sita mchana kwamba usiku ule atacheza nafasi ya Sutton Foster, mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia ya The Music Man, na saa saba ndiyo akaanza mazoezi yake ya kwanza ya nafasi hiyo. Hugh Jackman, nyota wa kiume aliyecheza naye, aliwaeleza watazamaji mwisho wa onyesho kwamba Kathy angeweza kuitiwa nafasi yoyote kati ya nane. Nane! Mimi moja inaninyima usingizi.

Kikundi chetu hakina swingi, na hapo ndipo panapouma. Nikipanda mimi, kapu la samaki linabaki chini. Ilipotokea kweli, nilipigiwa simu saa kumi jioni, onyesho saa moja usiku. Dada anayecheza mama alikuwa amekaukiwa sauti. Saa nzima ya kwanza hatukugusa nyimbo zangu. Tulikuwa tunagawa samaki: nani abebe kapu, mistari yangu miwili aiseme nani. Kisha gauni, maana dada ni mrefu, likakunjwa kwa pini. Kisha mpiga kinanda akauliza kama ashushe wimbo wa mwisho, noti ya juu isinishinde. Nilitamani kukubali. Lakini kinanda kikishuka, gitaa lishuke, waitikiaji nao watafute sauti mpya usiku uleule. Nikasema abaki palepale, nikaimba noti ya juu kwa kuipunguza badala ya kuisukuma.

Kesho yake dada alirudi, nami nikarudi kwenye kapu. Ilipofika zamu yake ya kuimba, nikajikuta naimba naye chinichini, mpaka muuza mihogo wa pembeni akanikanyaga mguu.