"Dada, maisha ya mwanangu mnayapigia kura?"

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa ameshika fomu ya ridhaa ya utafiti, kidole kimeganda kwenye sentensi inayosema kwamba kompyuta ndiyo itakayochagua tiba. Binti yake wa miaka 15 alikaa pembeni, amevaa sweta mbili mchana wa joto.

Ninatibu vijana wenye matatizo ya ulaji hapa Chicago, na wazazi wenzangu wa Kiswahili wana haki ya kuuliza hivyo. Kura hii, yaani kompyuta kumpangia mtoto tiba kwa bahati nasibu, hupigwa pale tu ambapo wataalamu wenyewe hawajajua tiba ipi inashinda. Wangekuwa wanajua, kumpa mtoto ile hafifu lingekuwa kosa, na kamati ya maadili isingeruhusu.

Chukua utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago na Stanford uliochapishwa mwaka 2010. Vijana 121 wenye anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, wa miaka 12 hadi 18, waligawanywa kwa kura makundi mawili. Kundi moja, wazazi ndio waliosimamia ulaji: wanapakua, wanakaa na mtoto mezani mpaka amalize. La pili, kijana alikutana na mtaalamu peke yake, wazazi wakiitwa mara chache. Hakuna aliyeachwa bila tiba; kila upande ulipangiwa jumla ya saa 24 za vikao ndani ya mwaka mmoja. Mwaka mmoja baada ya tiba kwisha, waliopona kabisa walikuwa asilimia 49 upande wa familia na asilimia 23 upande wa pili. Na kupona hakukupimwa kwa mizani tu. Hofu na mawazo kuhusu mwili navyo viliangaliwa.

Kwangu mimi matokeo hayo ni makubwa. Kwa miaka mingi mzazi aliambiwa akae mbali, eti yeye ndiye chanzo cha ugonjwa. Familia zilizokubali kura ile zilisaidia kumrudisha mama mezani.

Kabla ya kusaini, uliza: moyo na damu ya mtoto vimepimwa? Uzito ukishuka katikati ya utafiti, nani ataamua alazwe, na kwa kigezo gani? Gharama ya vipimo ni ya nani? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, usisaini. Hata ukishasaini, unaweza kujitoa siku yoyote.

Kwa aliye chini ya miaka 18 anayesaini ni mzazi, lakini mtoto naye huulizwa. Hapa ndipo pagumu, maana anoreksia yenyewe humfundisha mtoto kukataa kila msaada. Akikataa utafiti, namheshimu. Tiba haikataliki kwa njia hiyo. Itaendelea nje ya utafiti.

Nilipomaliza kueleza, binti aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo nikikataa, basi?"

Mama yake akanitangulia kujibu: "Utafiti kataa, mwanangu. Chakula utakula."