Ukili Mmoja Mmoja: Namna ya Kuwagawia Watu Wengi Picha Moja

Mkeka wa Kipemba hausukwi mzima. Husukwa kwanza ukili, yaani utepe mrefu wa ukindu ambao upana wake hauzidi vidole vichache, na ukili huo ndio baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka upatikane. Nilipokuwa mdogo Chake Chake nilizoea kuwaona wanawake wanne au watano wakisuka kila mmoja barazani kwake, kwa rangi na nakshi aliyoipenda mwenyewe, kisha mmoja wao akakusanya kazi za wenziwe na kuzishona. Sharti lisilovunjwa lilikuwa moja tu, nalo ni upana. Aliyesuka mpana kuliko wenziwe alirudishiwa kazi yake, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za wavuti zinazowawezesha watu wengi, aghalabu wasiojuana, kuchora kazi moja ya sanaa. Mtindo wa kuwatupia umma kazi kupitia intaneti ulipewa jina lake la Kiingereza, crowdsourcing, na mwandishi wa Marekani, Jeff Howe, mwaka 2006, ingawa sisi tuliokulia visiwani hatukuhitaji intaneti ili tuone picha moja ikifanywa na watu wengi, kwa kuwa tumewaona watoto wa halaiki uwanjani Amani, ambao kila mmoja anaijua hatua yake tu na umbo zima humwonekania aliyekaa jukwaani. Tofauti ni kwamba halaiki ina mwalimu na miezi ya mazoezi, ilhali mtu wa mtandaoni humpata mara moja, kwa dakika chache, akiwa ndani ya daladala. Kwa hiyo mazoezi yote hayana budi kuingizwa ndani ya kipande chenyewe anachokabidhiwa: ukubwa wake, kingo zake, na maneno ya agizo.

Mfano ninaoupenda kuwaonesha vijana ninaowafundisha ni kazi ya Aaron Koblin ya mwaka 2006 iitwayo The Sheep Market. Koblin aliitumia Mechanical Turk, huduma ya kampuni ya Amazon inayogawa vibarua vidogo vidogo mtandaoni, akatoa agizo fupi kuliko yote niliyowahi kuyaona: chora kondoo anayetazama kushoto. Kila kondoo alilipiwa senti 2 za Kimarekani. Kwa muda wa siku 40 alikusanya kondoo 10,000, na wengine 662 walikataliwa. Lizingatiwe neno hilo, kushoto. Bila neno hilo angepata rundo la michoro. Kwa neno hilo alipata kundi, kwa sababu macho yakishaona kondoo elfu kumi wote wameelekea upande mmoja, huacha kuhesabu na huanza kutazama tofauti, huyu ana miguu mitano, yule ana miwani. Huo ndio upana wa ukili.

Hesabu ya fedha, hata hivyo, hainipi raha. Kondoo mmoja alichukua wastani wa sekunde 105, ambayo ni sawa na senti 69 kwa saa, na kondoo wote pamoja walimgharimu msanii takriban dola 200. Walipoanza kuuzwa katika mabamba ya stempu, baadhi ya wachoraji walihoji ni kwa haki gani. Miaka miwili baadaye Koblin na Takashi Kawashima waliligeuza swali hilohilo kuwa kazi ya sanaa: waliikata picha ya noti ya dola 100 vipande 10,000, wakawalipa watu senti moja kwa kipande, bila wachoraji kujua ni nini wanachokichora. Ninaiheshimu kazi hiyo kwa ukali wake, lakini nisingeifanya. Kumficha mtu picha anayoichangia ni jambo ambalo hapa kwetu, ambako atakuuliza mbele ya watu msikitini au sokoni Darajani, halina mwisho mzuri.

Mfano wa pili ni wa upande wa pili kabisa, maana haukuwa na agizo lolote. Mwezi wa Aprili mwaka 2017 mtandao wa Reddit ulifungua ubao mtupu wa pikseli, yaani nukta ndogo za rangi zinazounda picha, 1,000 kwa 1,000, uitwao Place, ambao mtu yeyote mwenye akaunti aliweza kuweka pikseli moja, kisha akasubiri dakika 5 hadi 20 kabla ya kuweka nyingine. Kwa saa 72 watu zaidi ya milioni moja walishiriki. Wengi husifu bendera na michoro iliyotokea. Mimi husifu rangi 16. Rangi zikiwa 16, pikseli moja hutosha katika nusu ya baiti, kipimo kidogo cha ukubwa wa data, na ubao mzima wa pikseli milioni moja huwa kilobaiti 500 tu, pungufu ya picha moja ya simu ya kawaida. Yule aliyekuwa na bando dogo aliweza kuupakua ubao wote kama mwenye intaneti ya ofisini. Kizuizi kile kilichoonekana kuwa cha mchoraji kilikuwa, kwa hakika, ni fadhila kwa mtazamaji.

Nikiwa nimelewa na mfano huo, mradi wangu wa kwanza ulikuwa ubao mtupu. Niliusambaza katika makundi ya WhatsApp ya Unguja na Pemba, nikalala, na asubuhi nikaukuta umegawanyika baina ya rangi za timu mbili za mpira za Dar es Salaam ambazo sina haja ya kuzitaja. Siku tatu zilizofuata hapakuwa na kilichochorwa ila kufutana. Kosa sikulibebesha mashabiki. Kwa washiriki mia chache, ambao miongoni mwao ni wachache tu wanaokuwa mtandaoni kwa wakati mmoja, ubao mtupu ni uwanja wa aliyekesha. Umma wa watu milioni moja hujisawazisha wenyewe, umma wa watu mia mbili hauwezi.

Mradi wa pili niliuanzia kwenye kanga, kwa sababu kanga tayari imekwisha kugawanywa: ina pindo inayozunguka, ina mji katikati, na ina jina. Niliamua kuwapa watu pindo kwanza, nikaikata vipande vya mraba. Hapo nilitakiwa kuamua mshiriki aonyeshwe nini cha jirani yake. Nikimwonyesha kipande chote cha jirani, humwiga. Nisipomwonyesha kitu, mshono hauwezekani. Jawabu nililipata katika mchezo wa wasanii wa Ufaransa wa miaka ya 1920, ambao walikuwa wakichora mwili mmoja kwa kupokezana karatasi iliyokunjwa, ambapo kila mchoraji aliona ncha tu za mistari ya aliyemtangulia. Nikaweka programu imwonyeshe mtu ukanda mwembamba wa ukingo wa kila jirani, na rangi nne ambazo zimekwisha kuchaguliwa. Agizo likawa sentensi moja: mstari unaoingia upande wa kushoto utoke upande wa kulia.

Upande wa ufundi nitaupitia kwa haraka. Mchoro hauhifadhiwi kama picha, bali kama orodha ya nukta ambazo kidole kilipita pamoja na muda wa kila nukta; faili huwa dogo, na baadaye mstari unaweza kuchezwa tena kama ulivyochorwa, pamoja na kusita kwake. Mtandao ukikatika, mchoro hubaki ndani ya kivinjari cha simu na hutumwa wenyewe mtandao ukirejea, jambo ambalo kwa wenzetu wa Micheweni lilikuwa ndilo linaloamua kama watashiriki au la. Kipande kilichochukuliwa hufungwa kwa nusu saa ili watu wawili wasikichore kwa pamoja, kisha hufunguliwa iwapo aliyekichukua hakurudi.

Kilichonichukulia muda zaidi ya programu ni majina. Mchoro ni kazi ya sanaa, na Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, kwa hiyo kabla ya kuchora kila mshiriki alisoma, kwa Kiswahili chepesi, kwamba kipande ni chake, kwamba ananiruhusu kukishona pamoja na vya wenziwe, na kwamba kanga haitauzwa mpaka washiriki wakubaliane juu ya mapato. Nilidhani wote wangetaka kutajwa. Wanawake wengi walichagua kuandikwa kwa lakabu au kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na wachache hawakutaka kuandikwa kabisa. Kisanduku cha jina, ambacho nilikuwa nimekifanya cha lazima, nilikiondolea ulazima siku ileile.

Pindo ilijaa isipokuwa pembe nne. Katika pembe nakshi hugeuka, mstari unaoingia kushoto hutakiwa utokee chini, na kila aliyefungua kipande hicho alikiangalia kisha akakiacha nusu saa ipite. Nilibadilisha maneno ya agizo mara tatu bila ya mafanikio. Mwishowe niliikata kila pembe kwa mshazari, kutoka ncha ya nje hadi ncha ya ndani, nikawapa watu wawili wawili nusu moja moja, na nikawaacha waonane kwa wakati uleule wanapochora. Zilijaa kwa jioni mbili. Katika orodha ya wachoraji, vipande hivyo vinne ndivyo pekee vyenye majina mawili.