Kabla ya mashine ya vinasaba: kiazi, damu ya ng'ombe na daftari

Wanafunzi wanaoanza vitendo vya sayansi jinai karibu wote huniuliza swali moja: lini tutaingia kwenye mashine ya vinasaba? Nawaelewa. Vinasaba (DNA) ndivyo wanavyovisikia kwenye taarifa ya habari. Wameona yaliyotokea Shakahola, Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, ndugu wakatoa sampuli zilinganishwe na za marehemu, na ilifika Machi 2024 ndipo familia za kwanza zikaanza kukabidhiwa miili yao zikazike. Kijana mwenye moyo akisikia hayo anataka awe miongoni mwa watu wanaofanya kazi ile. Mimi pia ndiyo iliyonivuta.

Lakini kwenye vitendo ninavyosimamia, vinasaba vinakuja mwishoni. Tunaanza na kiazi mviringo.

Kipimo cha awali cha damu tunachofundishia kinaitwa Kastle-Meyer. Kitendanishi chake, yaani kemikali inayotoa jibu, ni fenoftalini iliyochemshwa pamoja na unga wa zinki kwenye alikali mpaka ikapoteza rangi. Himoglobini ya damu imebeba chuma, na mahali chuma hicho kilipo huchochea haidrojeni peroksidi iioksidishe ile fenoftalini irudi katika hali yake ya kawaida, ambayo kwenye alikali ni ya waridi. Mwanafunzi anasugua doa kwa kona ya karatasi ya kuchujia, anadondosha ethanoli, kisha kitendanishi, anasubiri kidogo, halafu peroksidi. Kama kuna damu, waridi hutokea ndani ya sekunde chache, hata pale damu ilipozimuliwa kwa maji mara elfu kumi. Ni kipimo kikali, cha bei ndogo, na ukikiona mara ya kwanza kinafurahisha mno. Furaha hiyo ndiyo ninayoiwekea mtego.

Mezani napanga vigae vyeupe vyenye namba tu. Kimoja kina damu ya ng'ombe kutoka machinjioni, iliyochanganywa na sodiamu sitreti isigande. Kingine kina juisi ya rozela, kingine Jik, kingine kutu iliyokwanguliwa kwenye bati, na cha mwisho kina ujiuji wa kiazi kilichoparuzwa asubuhi hiyo hiyo. Hakuna anayeambiwa kipi ni kipi.

Rozela haimpi mtu shida, kwa sababu inabadilika kuelekea kijani mara tu inapokutana na alikali. Jik inawashika wale wenye haraka: karatasi inageuka waridi kabla hata peroksidi haijaguswa, kwa kuwa Jik yenyewe ni kioksidishi. Ndiyo maana kuna kule kusubiri kati ya tone na tone. Aliyedondosha vyote kwa mfululizo hawezi kujua rangi imetoka wapi. Kiazi ndicho kigumu. Kina vimeng'enya vya peroksidasi, na vimeng'enya hivyo hufanya kazi ile ile inayofanywa na chuma cha himoglobini. Rangi inakuja baada ya peroksidi, kwa mpangilio ule ule wa damu, ila mara nyingi inakuja polepole na imepauka kidogo.

Mwaka jana kijana mmoja, mwangalifu kabisa, aliniita. "Madam, namba mbili na namba tano zote ni damu."

"Umeona nini?"

"Damu."

"Damu hujaiona. Umeona nini?"

Akaziangalia karatasi zake. "Nimeona waridi."

"Baada ya tone lipi? Ilichukua sekunde ngapi?"

Hakuwa ameandika. Akarudia kazi yote, safari hii mwenzake akiwa ameshika saa ya simu, na tofauti ikajitokeza: namba mbili iliwaka papo hapo, namba tano ilijivuta. Kisha nikamwambia aviweke vigae vyote viwili kwenye oveni ya maabara, nyuzi 100 za Selsiasi kwa dakika kadhaa, apime tena. Joto huua vimeng'enya vya kiazi, lakini damu iliyokauka huendelea kujibu. Alipoona namba tano imebaki nyeupe aliniangalia kama mtu aliyeibiwa na kurudishiwa mali yake siku hiyo hiyo.

Sasa, je, namba mbili ni damu ya mtu? Hapo wanafunzi wanakutana na kipimo cha pili, kile cha kijistripu, kipande chembamba chenye kingamwili zinazoshika himoglobini ya binadamu na kutoa mstari zikiikuta. Damu ya ng'ombe inapita pale bila mstari. Nawaeleza pia jambo ambalo vitabu vingi hulipitia juu juu: kijistripu hicho hicho kinaweza kukosa mstari hata kwa damu halisi ya mtu, endapo damu ni nyingi mno. Himoglobini inakuwa nyingi kuliko kingamwili, zote zinajaa kabla ya kufika kwenye mstari, na jibu linatoka hasi. Kwa hiyo sampuli nzito huzimuliwa na kupimwa upya. Mtu aliyefundishwa kwa kukariri tu, kwamba mstari ni ndiyo na kukosa mstari ni hapana, angeipitisha sampuli hiyo kuwa si damu ya binadamu na kufunga faili.

Damu ya binadamu siiruhusu kwenye vitendo vya darasani, na wanafunzi hawachomani vidole. Vitendo havimpi mtu ruhusa ya kuhatarisha afya ya mwenzake, na damu ya ng'ombe inafundisha vya kutosha.

Kuna kitu ambacho sijakitaja. Kila kikundi hupima pia kijiti cha pamba kisafi, ambacho hakijagusa doa lolote. Wanafunzi wengi hukiona kama kupoteza kitendanishi. Hapo ndipo nawasimulia ya Ujerumani. Kwa miaka mingi polisi wa kule walikuwa wakimsaka mwanamke mmoja asiyejulikana, ambaye vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio yapatayo 40, Ujerumani na nchi jirani: mauaji, wizi wa nyumba, vitu visivyofanana hata kidogo. Alipouawa askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007, vinasaba vile vile vikatokea tena, na msako ukaongezeka. Mwaka 2009 ukweli ukajulikana. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwandani aliyekuwa akishughulika na vijiti vya pamba vilivyotumiwa kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu hakuondoi vinasaba. Baadaye, mwaka 2016, kikatolewa kiwango cha kimataifa, ISO 18385, kinachohusu vifaa vya kukusanyia sampuli za vinasaba visiwe na vinasaba vya watu.

Nikishamaliza kusimulia, hakuna anayeuliza tena kijiti kisafi kinapimwa cha nini.

Daftari sasa. Daftari la maabara kwangu ni la kushonwa, kurasa zimepigwa namba, linaandikwa kwa kalamu ya wino. Ukikosea unapiga mstari mmoja, maandishi ya chini yanaendelea kusomeka, unaweka herufi za jina lako na tarehe. Hakuna kuchana karatasi, hakuna kunakili upya nyumbani ili lipendeze. Wanafunzi wanalalamika kuhusu hili kuliko jambo jingine lolote, na sitalegeza. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwenye shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, ilieleza bayana kinachotakiwa kwenye mnyororo wa utunzaji wa vielelezo: kumbukumbu zinazofuata mpangilio wa matukio, zikionyesha kielelezo kilikamatwaje, kikatunzwa na nani, kikahamishwa kwenda wapi, kikachambuliwa vipi na hatimaye kikaishia wapi. Mahakama hiyo hiyo baadaye imesema kwamba si kila pengo kwenye mnyororo linaua kesi, inategemea kama kielelezo ni cha aina inayoweza kubadilishwa au kuchezewa kirahisi. Basi tone la damu kwenye pamba, au unga mweupe kwenye kijifuko, viko kundi gani? Ndivyo vilivyo rahisi kuliko vyote kuchezewa.

Kwa hiyo vigae vyangu vinakabidhiwa kwa fomu. Anayetoa anasaini, anayepokea anasaini, saa inaandikwa, lakiri inakaguliwa kabla bahasha haijafunguliwa. Bahasha ni ya karatasi, kwa sababu doa bichi likifungwa kwenye nailoni linaoza, hasa kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam. Na kabla ya kufungwa, doa linakaushwa kwa hewa ya kawaida, si juani. Mambo haya ukiyasoma unayasahau. Ukifungua bahasha uliyoifunga mwenyewe juzi ukakuta ukungu umeshakula nusu ya kielelezo, hutasahau.

Alama za vidole ni somo refu na sitalimaliza hapa. Kupaka unga kwa brashi kuna ufundi wake: unaanza kwa kugusa juu juu, mistari ikianza kuonekana unafuata mwelekeo wake, na unaacha kabla hujatamani kuacha, maana ukizidisha unga unajaza mabonde na alama inapotea. Kwenye karatasi tunatumia ninihidrini, inayokutana na asidi za amino za jasho na kutoa zambarau. Kwenye plastiki tunafukiza supagluu ndani ya tangi la kioo lenye kikombe cha maji ya moto pembeni, mvuke unajishika kwenye alama na kuifanya nyeupe, ngumu. Haya yote hufanywa ndani ya kabati la kuvutia mvuke, barakoa na miwani vikiwa usoni.

Ila zoezi ninalolipenda kuliko yote kwenye somo hilo halihitaji kemikali. Darasa linagawanywa mara mbili. Vikundi vyote vinapewa alama mbili zile zile za kulinganisha, moja hafifu kutoka kwenye chupa, nyingine safi ya wino. Kikundi cha kwanza kinaambiwa mtuhumiwa ameshakiri. Cha pili kinaambiwa mtuhumiwa alikuwa mahabusu siku ya tukio. Majibu hutofautiana kiasi cha kuwanyamazisha. Sikulitunga mimi. Mwaka 2006 mtafiti Itiel Dror na wenzake walichapisha jaribio ambalo wataalamu watano wazoefu walirudishiwa, bila kujua, alama walizokuwa wamewahi kusema zinalingana, wakapewa maelezo ya kuwaelekeza kwamba hazilingani. Wanne kati yao walibadilisha uamuzi wao. Na miaka miwili kabla, baada ya mabomu ya treni ya Madrid ya Machi 2004, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilimkamata wakili mmoja Mmarekani, Brandon Mayfield, kwa alama iliyokutwa kwenye mfuko wa fataki za kulipulia mabomu. Wachunguzi zaidi ya mmoja waliithibitisha alama hiyo kuwa yake. Alikaa kizuizini wiki mbili, mpaka polisi wa Hispania walipotaja mtu mwingine. Nawaambia wanafunzi wangu wazi: wale walikuwa wazoefu, wewe una wiki chache darasani. Kwa hiyo chambua kwanza alama ya eneo la tukio peke yake, andika unachokiona, ndipo ufunue ya mtuhumiwa. Mpangilio huo hauna gharama yoyote.

Vinasaba tunavifikia, tena kwa ndizi mbivu, chumvi, sabuni ya maji na spiriti baridi, ili waone kwa macho nyuzi nyeupe zikipanda. Sampuli za watu ni suala la kisheria. Tanzania tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inayosimamia ukusanyaji na uchambuzi wake, na kutemea mate kwenye kijiti kwa ajili ya kujifurahisha darasani hakuna nafasi kwangu. Uchambuzi wenyewe wanakwenda kuuona wakati wa mafunzo ya vitendo kazini, kwenye taasisi zenye jukumu hilo.

Walimu kadhaa wameniandikia wakisema vyuo vyao havina vifaa. Nawajibu hivi: nunua madaftari ya kushonwa, karatasi za kuchujia, vijiti vya pamba, fenoftalini, zinki, potashi kali, ethanoli na peroksidi ya asilimia 3 ya duka la dawa. Potashi kali inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo kitendanishi andaa wewe mwenyewe, usiwaachie wanafunzi. Kitunze kwenye chupa ya rangi ya kahawia ndani ya friji, kikiwa na chembe za zinki chini ili kisijirudie rangi. Peroksidi huchoka upesi ikishafunguliwa, hivyo kila asubuhi ya vitendo, kabla ya sampuli yoyote, pima damu unayoijua na kijiti kisafi. Damu ikikataa kutoa rangi, au kijiti kisafi kikatoa, vitendo vya siku hiyo vinaahirishwa. Na rangi yoyote inayotokea baada ya nusu dakika usiihesabu, kwani hewa yenyewe huigeuza karatasi kuwa ya waridi.