Jiko la Zamani, Makabati Mapya: Tunayoamini na Yaliyo Kweli

Jiko la mama yangu lilijengwa miaka ya 1980, na linafanana na majiko mengi ya nyumba za Dar es Salaam za wakati ule. Ukuta mmoja una meza ya zege iliyofunikwa vigae vyeupe, inabebwa na kuta fupi za matofali, na chini yake kulikuwa na mapango matatu ya giza yaliyozibwa kwa pazia la kitenge. Ukuta wa pili ulikuwa mtupu, umeegemezwa kabati la vyombo lililopinda mgongo. Tulipoamua kulitengeneza upya, kila aliyeingia alikuwa na ushauri. Mengi tuliyoambiwa hayakuwa kweli, na baadhi yangetumalizia pesa kabla hata ya kununua bawaba moja. Nayaandika kwa sababu najua nyumba nyingi ziko pale tulipokuwa.

Makabati ninayozungumzia ni yale yanayotengenezwa kama masanduku yanayojitegemea, kila moja kwa kipimo kinachojulikana: upana wa sentimita 30, 40, 45, 60 au 80. Yanapangwa ubavu kwa ubavu, yanafungwa pamoja kwa skrubu, kisha juu inalazwa kaunta moja. Wengine huyanunua dukani yakiwa yamefungashwa vipandevipande ndani ya boksi, wengine huwapelekea mafundi wa Keko orodha ya vipimo. Kanuni ni ileile.

"Lazima uvunje kwanza"

Fundi wa kwanza aliyekuja hakutoa hata futi mfukoni. Aligonga meza ya zege kwa kiganja akasema, "Mama, hii yote inaondoka."

Haikuhitaji kuondoka. Meza ya zege iliyo nzima ni mali. Haivimbi, haiungui ukiweka sufuria ya moto, na inabeba uzito ambao kaunta nyingi za dukani hazithubutu. Ukiivunja unalipia mambo ambayo hukuyapanga: gari la kubeba kifusi, plasta mpya ukutani, vigae vya sakafu vitakavyopasuka, na mara nyingi bomba la maji lililokuwa limezikwa humo. Kinachotuchosha macho kwenye majiko haya si zege. Ni vigae vilivyoingia weusi kwenye maungio, na yale mapango. Vigae vinaweza kubandikwa juu ya vigae, mradi vya chini havijaachia, na mapango yanaingizwa masanduku.

Kazi iko kwenye kupima. Kila pango lipimwe upana sehemu tatu, juu, katikati na chini, halafu mbele na nyuma, na kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kufuata. Kwetu tofauti ilifika sentimita 2 ndani ya pango moja. Kimo nacho kilitushtua: kutoka sakafuni hadi tumbo la zege kulikuwa na sentimita 74 tu. Sanduku la kawaida lina kimo cha sentimita 72 na husimama juu ya miguu ya sentimita 10, kwa hiyo lisingeingia. Tukaagiza masanduku ya sentimita 62. Jambo dogo, lakini mwenye kununua kwanza na kupima baadaye huishia kukata miguu, na miguu hiyo, kama nitakavyoeleza, ndiyo inayookoa kabati.

Kuna wakati kuvunja ni lazima. Lala chini uangalie tumbo la zege kwa tochi. Ukiona vipande vimebanduka na nondo zimeota kutu nje, au meza imelegea katikati, hapo usiibembeleze. Na hata ukivunja, sinki libaki lilipo kama inawezekana. Bomba la maji machafu linahitaji kushuka karibu sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo kulihamisha sinki mita 3 kunamaanisha kuchimba sakafu, na gharama ya kazi hiyo ingetosha kununua masanduku kadhaa.

"MDF ni karatasi, kabati ni mninga"

Hii niliisikia kwa watu ninaowaheshimu, na ninaelewa inatoka wapi. Mninga na mkongo ni mbao ambazo wazazi wetu waliziona zikidumu. Na MDF waliyoiona wengi ni ile iliyovimba na kumeguka baada ya masika mawili.

MDF ni nyuzi za mbao zilizochanganywa na gundi, zikakandamizwa kwa joto hadi zikawa bodi. Chipbodi ni ndugu yake, ila chembe zake ni kubwa zaidi. Uso wa bodi iliyofunikwa melamini, yaani tabaka gumu la plastiki, haupitishi maji kirahisi. Maji hupita kwenye kingo: pale msumeno ulipopita, pale tundu la bomba lilipotobolewa, pale ukingo wa chini unapogusa sakafu. Sisi watu wa huku tunapiga deki kwa maji ya ndoo, na hapo ndipo makabati mengi yanapofia. Niliwahi kufungua kabati la chini ya sinki lililovimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Sanduku la jirani yake, la bodi ileile, lililonunuliwa siku ileile, lilikuwa zima kabisa. Tofauti yao ilikuwa tundu moja la bomba ambalo fundi alilitoboa akaliacha mdomo wazi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bodi ni ya aina gani, uliza kingo zitafungwaje. Kila ukingo unaoonekana na usioonekana ubandikwe utepe wa plastiki, ukiwemo ule wa nyuma na wa chini ambao mafundi wengi huuruka kwa sababu mteja hauoni. Kila tundu linalokatwa nyumbani lipakwe vanishi au silikoni kabla bomba halijapita. Na masanduku yasimame juu ya miguu ya plastiki, ubao wa mbele wa kufunika miguu ukiwa wa kuchomoa, ili maji ya deki yakipita chini yakauke.

Mninga wenyewe hauna kosa, ni mbao nzuri sana. Lakini mbao nzima huvuta unyevu na kutanuka, kisha husinyaa jua likikaza. Milango mipana ya mbao ambayo haikukaushwa vizuri hukwama wakati wa masika na kuacha nyufa kiangazi. Mlango wa MDF uliopakwa rangi vizuri pande zote hubaki umenyooka. Kama una pesa kiasi ya mbao ngumu, mbao hizo ziweke mahali panapoguswa na kugongwa: fremu, vishikio, ukingo wa kaunta.

Chini ya sinki mimi nisingeweka MDF hata ya bei kubwa. Hapo tuliweka sanduku la alumini. Huo ndio uzuri wa makabati ya vipande: kila sanduku linaweza kuwa la malighafi yake, na milango ya mbele ikafanana.

"Chukua ile ya kijani, haiingii maji"

Madukani kuna MDF yenye rangi ya kijani ndani. Rangi hiyo ni alama tu, imetiwa ili watu waitambue bodi. Kinachoisaidia ni gundi yake, inayostahimili unyevu wa hewa kuliko ya kawaida. Kustahimili unyevu si kustahimili kulowa. Ukiiacha isimame kwenye maji, nayo itavimba, ila itachelewa. Ni bodi nzuri kwa jiko la mwambao, inunue ukimudu, kisha ifunge kingo kama zile nyingine.

"Mchwa hawali kabati la kiwandani"

Wanakula. Chakula cha mchwa ni selulosi, kile kinachojenga mbao yenyewe, na bodi zote hizi zimejaa selulosi. Gundi na melamini huwachelewesha tu, na wakipata ukingo ulio wazi nyuma ya kabati hawaulizi bodi ilitoka wapi. Mchwa wa ardhini hupanda kwa vijia vya udongo kutoka kwenye nyufa za sakafu na ukuta, kwa hiyo ziba nyufa zote na matundu ya mabomba kabla makabati hayajaingia, kwa kuwa baadaye hutafika. Hapa tena miguu ya plastiki inasaidia: ukichomoa ule ubao wa chini mara moja kwa miezi michache na kumulika tochi, kijia cha udongo utakiona mapema.

"Haya ni mambo ya wenye pesa"

Hapa naomba niseme kwa kirefu, kwa sababu dhana hii ndiyo inayowazuia wengi wasianze.

Jiko la makabati yaliyopangwa kwa vipimo halikubuniwa kwa ajili ya matajiri. Mwaka 1926 mbunifu wa majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la nyumba za bei nafuu ambazo jiji la Frankfurt, Ujerumani, lilikuwa likiwajengea wananchi wake. Lilikuwa na upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, dogo kuliko majiko mengi ya Sinza. Yalijengwa karibu 10,000. Kutengeneza kitu kimoja mara elfu kumi ndiko kulikoshusha bei, na kupanga kila kitu karibu na mkono ndiko kulikompunguzia mama wa nyumbani hatua. Hata mbao alizichagua kwa kazi: masanduku ya unga yalikuwa ya mwaloni ili kuwazuia wadudu.

Hesabu ileile inafanya kazi hapa kwetu. Bodi ya futi 8 kwa 4 ina milimita 2440 kwa 1220. Upande wa sanduku la kawaida la chini ni milimita 720 kwa 560. Panga mwenyewe kwenye karatasi: tatu zinaenea kwa urefu, mbili kwa upana, jumla pande sita, yaani za masanduku matatu. Pembeni kunabaki utepe wa karibu sentimita 10, na huo unatosha kabisa kutoa zile mbao nyembamba zinazofunga sanduku kwa juu. Hakuna cha kutupa isipokuwa kipande kidogo mwishoni.

Sasa chukua fundi anayekadiria kwa jicho, akafanya kina cha sentimita 62 na kimo cha 75 kwa sababu "itapendeza zaidi". Mbili hazienei tena kwenye upana wa bodi. Bodi ileile inatoa pande tatu badala ya sita. Kinachobaki kinaweza kuwa rafu, ndiyo, lakini si upande mwingine. Sentimita chache za kupendeza zimekuongezea bodi nzima za kununua, na mteja hajui kwa nini hesabu imepanda. Tulipokaa na fundi wetu wa pili tukamchorea mchoro huu, aliutazama kimya, kisha akatoa penseli yake akaanza kusahihisha orodha ya masanduku ya ule ukuta mtupu. Ni fundi hodari. Alikuwa hajaonyeshwa tu.

Matengenezo nayo ni nafuu. Bawaba nyingi za kisasa za makabati huzama kwenye tundu la milimita 35, kwa hiyo ikivunjika unaipeleka Gerezani, Kariakoo, unapata inayofanana nayo na kuifunga mwenyewe. Mlango ukiharibika unabadilisha mlango. Na si lazima ununue yote kwa mara moja. Sisi tulianza na masanduku matatu ya chini ya zege, tukakaa miezi mitano, ndipo tukafanya ukuta wa pili.

"Kuta za nyumba za zamani zimepinda, hayatakaa"

Kuta zimepinda kweli. Lakini sanduku halifuati ukuta, linafuata pima maji. Miguu inazungushwa hadi masanduku yote yawe sawa, hata kama sakafu inateremka. Kwenye pembe unaacha nafasi ya sentimita 3 hadi 5 na kuiziba kwa kipande cha ubao kinachochongwa kufuata mkunjo wa ukuta. Kipande hicho kina kazi nyingine ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa: bila hicho, droo iliyo kwenye kona inagonga kishikio cha mlango wa pili na haifunguki.

"Makabati ya juu yanashikwa na misumari"

Sahani na mabakuli ya kauri ni mzigo mzito, na chini yake anasimama mtu. Msumari wa zege hupasua plasta na kulegea kidogo kidogo bila kutoa dalili. Tumia drili, plagi na skrubu ndefu zinazofika kwenye tofali lenyewe, si kwenye plasta. Bora zaidi ni kufunga kwanza ubao au reli ya chuma ukutani kwa urefu wote, ndipo masanduku yaning'inizwe hapo na kufungana yenyewe kwa yenyewe. Acha sentimita 50 hivi kati ya kaunta na kabati la juu, na usiweke kabati juu ya jiko la gesi.

"Mtungi ufichwe ndani ya kabati, jiko lipendeze"

Hili silichukulii kama suala la urembo. Gesi ya mitungi yetu ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, inatulia chini, na kabati lililofungwa vizuri ni chungu cha kuikusanyia. Huenda harufu usiisikie hadi ufungue mlango, na kwa wakati huo pengine kiberiti kiko mkononi. Kama huna njia nyingine, sanduku la mtungi liwe na matundu makubwa chini kabisa ya mlango, lisiwe na ubao wa kuziba miguuni, na kusiwe na soketi ya umeme ndani yake.

Kwetu mtungi ulitoka nje kabisa, kwenye kijumba kidogo cha tofali upande wa uani chenye mlango wa nondo, na gesi inaingia kwa bomba la shaba lililofungwa na fundi wa gesi. Pango ulipokuwa ukikaa sasa lina droo tatu. Mama ameweka masufuria makubwa kwenye droo ya chini, miiko na vijiko kwenye ya juu, na ile ya katikati ameijaza khanga za kushikia vyungu, kwa sababu anasema hapo ndipo mkono wake unapofika bila kuangalia.