Emoji zikiongozana: ninavyozisoma

Swali ninaloulizwa zaidi huja na picha ya skrini. Mtu amekata kipande cha mazungumzo, amekizungushia duara jekundu, kisha ananiandikia: "Hapa alimaanisha nini?" Wiki iliyopita lilitoka kwa mwanamke aliyekuwa amemwandikia mdogo wake meseji ndefu, akieleza kwa nini hataweza kufika kwenye sherehe yake. Mdogo mtu akajibu hivi: "Sawa dada 🙂👍". Basi. Usiku ule dada hakupata usingizi.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuchambua jinsi watu wanavyochati. Sikumpa maana ya 🙂👍. Nilimwomba kwanza anionyeshe mdogo wake humjibu vipi siku za kawaida. Akaniletea mazungumzo ya wiki tatu: 😂😂😂 kila mahali, 🥰, ❤️❤️, na "dadaaaa" ya kuvuta. Hakuna 🙂 hata moja. Hapo sikuhitaji kamusi. Nikamwambia mdogo wako amenuna, mpigie. Akampigia, na kweli alikuwa amenuna.

Itazame 🙂 kwa karibu. Mdomo umetabasamu, macho yametulia tuli, mashavu hayakupanda. Wapo wanaoituma kwa moyo mweupe kabisa, hasa watu wazima, na wapo, hasa vijana, wanaoiona kama tabasamu la mtu aliyeuma meno. Nchini China wengi huisoma kama dharau. Ikifuatwa na 👍, ambayo mara nyingi hufunga mazungumzo kama sisi tunavyosema "haya", tabasamu lile linakuwa la mtu anayekufungia mlango taratibu. Lakini 🙂👍 hiyo hiyo ikitoka kwa baba ambaye hujibu kila kitu namna hiyo, maana yake ni "nimeelewa, mwanangu", wala hakuna cha kukukosesha usingizi.

Kosa ninalokutana nalo sana ni kuzisoma emoji zilizoongozana kana kwamba ni maneno ya sentensi: hii mtenda, hii kitenzi, hii mtendwa. Ni wachache wanaoandika hivyo. Emoji kwenye meseji hufanya kazi ya mikono na uso, vitu ambavyo maandishi hayana. Mwanaisimu wa Kanada, Gretchen McCulloch, ameeleza jambo hili vizuri: emoji zinafanana na ishara tunazofanya tukizungumza, na ndiyo maana mifuatano inayotumika zaidi ni ya emoji ileile ikirudiwa. 😂😂😂. ❤️❤️❤️. 👏👏👏, kwa sababu hakuna anayepiga kofi moja akanyamaza.

Kurudia huku sisi tunakufahamu vizuri, maana lugha yetu imejaa kurudia. Mtu akienda polepole tunajua mwendo wake. Na kurudia hakuongezi nguvu siku zote: anayecheza na anayechezacheza si sawa, huyu wa pili hatulii. Emoji nazo zina mizani yake. 😂 moja, kutoka kwa mtu ambaye kawaida hutuma sita, ni kicheko cha adabu. ❤️ moja kutoka kwa mtu mkavu inaweza kuwa na uzito kuliko mioyo kumi ya mtu anayeigawa kwa kila mtu. Kwa hiyo mimi huhesabu kwanza, kisha nalinganisha na hesabu ya kawaida ya mtu huyohuyo.

Baada ya hesabu, natazama jirani. Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii.

💀 ikiwa peke yake inaweza kutisha. Iweke baada ya 😂 au 😭 na mtu anakuambia mbavu sina, nimekufa kwa kicheko. 😭 nayo hubadilika kwa jirani: 😭💔 ni kilio, 😭❤️ ni kuguswa moyo, 😭😂 ni kucheka mpaka machozi. 👀 ni "nimeona", au "hebu leta habari"; ikipata 🍿 mtu amevuta kiti, anatazama ugomvi wa wengine kwenye komenti na hana mpango wa kuondoka.

Jirani huyohuyo ndiye huokoa meseji iliyokosewa. Katika kundi moja la familia, baada ya tangazo la msiba, bibi mmoja aliandika: "Poleni sana wanangu 😂😂🙏". Wajukuu waliduwaa. Mmoja akaniuliza kama bibi amewakejeli. Nilimwambia atazame mikono. Hakuna anayecheka huku amekunja mikono ya kuomba. Bibi aliona machozi mawili yakitoka machoni, na machozi ndiyo aliyotaka kutuma. Kwa simu ndogo na macho ya uzee, 😂 na 😭 ni kitu kimoja.

Mifuatano mingine haisomwi kabisa, inatazamwa. 👁️👄👁️, iliyosambaa sana 2020, si jicho, mdomo, jicho. Ni sura nzima iliyokodoa, imeduwaa, haina la kusema. Na 🥺👉👈 ni mtu mwenye aibu anayegusanisha ncha za vidole vyake kabla ya kuomba kitu. Mpangilio hapa ni kila kitu: ukigeuza ukaandika 👈👉, vidole vinaelekea pande tofauti na ile aibu inapotea. Nawaambia wanafunzi wangu wajaribu wenyewe kwa mikono yao mbele ya kioo.

Kisha kuna zile zilizozaliwa ndani ya lugha nyingine, na hizi ndizo huwaumiza wasiozijua. Mtu anaweka picha yake, rafiki anakomenti 🐐🔥, na yeye anakasirika kwa kuitwa mbuzi. Kumbe amesifiwa sifa ya juu kabisa: kwa Kiingereza, herufi za kwanza za maneno "bora kuliko wote wa nyakati zote" zinaunda "goat", jina la mbuzi. 🧢 ni kofia, lakini katika Kiingereza cha mitaani kofia ni uongo. ☕ au 🍵 ni umbea, na 🐸☕ ni mtu anayepiga kijembe halafu anajidai "mimi simo". Nchini China mwaka 2018 wanawake waliosimulia unyanyasaji wa kingono waliandika 🍚🐰, wali na sungura. Kwa Kichina hutamkwa "mi tu", sawasawa na "Me Too" (mimi pia), jina la kampeni dhidi ya unyanyasaji huo iliyokuwa ikivuma duniani, na walitumia fumbo hilo kuwakwepa wadhibiti wa mtandao. Mfuatano kama huo unasomwa kwa sikio. Macho peke yake yataona chakula na mnyama.

Chimbuko la emoji lenyewe lina sehemu yake. Neno ni la Kijapani: e ni picha, moji ni herufi. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita alibuni emoji 176 kwa ajili ya kampuni ya simu ya NTT DoCoMo, kila moja ikiwa na nukta 12 kwa 12 tu, na mwaka 2010 shirika la Unicode likaingiza mamia ya emoji kwenye mfumo wa herufi unaotumiwa na simu na kompyuta duniani kote. Nyingi zilikuja na mazoea ya vibonzo vya Kijapani. Tone lililo kwenye 😪 si chozi, ni povu la puani la mtu aliyesinzia. Lakini watu wameamua ni chozi, na 😪💔 sasa ni huzuni popote unapoiona. Sitamsahihisha mtu hapo. Maana ni ya wanaotumia.

Mara nyingine mfuatano unatengenezwa na simu yenyewe. Dubu mweupe 🐻‍❄️ ndani ya simu ni dubu 🐻 na theluji ❄️ zilizounganishwa na alama isiyoonekana. Paka mweusi 🐈‍⬛ ni paka na mraba mweusi. Mwanaanga 👩‍🚀 ni mwanamke na roketi. Bendera 🇯🇵 ni herufi J na P. Simu isiyo na toleo jipya haijui kuziunganisha, inakuonyesha vipande. Hili linaleta matatizo ya kweli. 😮‍💨, sura inayoshusha pumzi iliyoidhinishwa 2020, imeundwa na 😮 na 💨. Mtu anakuandikia kwamba hatimaye mgonjwa amelala, anashusha pumzi, na wewe kwenye simu kuukuu unaona mshangao na moshi wa mbio. Ukiona mfuatano usio na kichwa wala miguu, uliza mwenzako anatumia simu gani kabla hujatafuta fumbo.

Wazazi huniomba orodha ya "emoji za siri". Zile za ngono zinajulikana: 🍆 na 🍑, na 💦 ikiongezwa haibaki shaka. Zaidi ya hapo siwapi orodha, kwa sababu vijana hubadilisha mafumbo mara tu watu wazima wanapoyajua. Nawashauri waketi na mtoto, wamuulize hii mnaitumiaje. Watoto wengi hupenda kufundisha.

Kuna mahali ambapo kusoma vibaya kunagharimu fedha. Nchini Israeli, katika kesi iliyovuma 2017, watu waliotaka kupanga nyumba walimwandikia mwenye nyumba kwa furaha, wakaweka wachezaji 💃👯, kindi 🐿️, nyota yenye mkia ☄️ na chupa ya shampeni 🍾. Mwenye nyumba akaondoa tangazo lake. Wao wakapotea. Mahakama ya madai madogo iliwaamuru wamlipe shekeli 8,000: ingawa hakukuwa na mkataba, shangwe ile yote ilimfanya aamini kwamba jambo limekwisha. Sioni jinsi hakimu angeamua vingine. Hakuna anayefungua shampeni kwa nyumba asiyoitaka.

Kesi ya Kanada naipenda zaidi. Mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa mbegu za kitani, akimwomba athibitishe. Mkulima akajibu 👍, na mbegu hakuleta. Akajitetea kwamba alimaanisha tu ameupokea. Mwaka 2023 jaji aliamua kwamba 👍 ile ilikuwa sawa na kutia saini, akamwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono mwaka 2024. Jaji aligusia kamusi ya mtandaoni, lakini hakuishia hapo. Alisoma meseji za nyuma kati ya watu hao wawili, akakuta kwamba mkulima alikuwa akijibu mikataba kama hiyo kwa "sawa" au "ndiyo" fupi, kisha analeta mzigo.

Tangu nisome hukumu ile, jambo likiwa la fedha au la kazi naandika "ndiyo, nakubali" au "nimepokea, bado nafikiria". 👍 naiweka baada ya hapo.