Je, wajua kwa nini tanga hulegea nyuma ya Karthala?

Kusi inavuma vizuri, chombo kinakata maji magharibi ya Ngazidja, Komoro. Mara tanga linanyong'onyea na kuanza kupigapiga mlingoti, chombo kinabaki kuyumba juu ya mawimbi. Kusi haijakoma. Chombo kimeingia kwenye kivuli cha mlima.

Karthala ni volkano hai yenye kimo cha mita 2,361. Kusi hutoka kusini-mashariki, na juu yake hutanda tabaka la hewa yenye joto zaidi, mfano wa mfuniko juu ya sufuria. Upepo ukigonga mlima mrefu hivyo hushindwa kupanda na kuvuka kilele, basi hugawanyika na kuuzunguka. Nyuma yake, upande wa demani, yaani uliokingwa na upepo, hubaki shwari pamoja na vipepo vinavyogeuka geuka. Kivuli hicho chaweza kufika makumi ya kilomita baharini.

Shwari inachosha, lakini hatari yenyewe iko ukingoni. Upepo uliobanwa kwenye ncha za kisiwa huongeza kasi, na nahodha aliyetandaza matanga yote ili anase chochote kivulini hutoka na kupigwa ubavuni kwa ghafla. Tazama maji ya mbele. Yakigeuka meusi yenye mapovu meupe, punguza tanga papo hapo, ungali kwenye shwari. Kamba ya demani, ile inayovuta pembe ya chini ya tanga, ishikwe mkononi, isifungwe, ili iachiliwe mara moja.

Kukipita kivuli kuna njia mbili. Ya kwanza ni kwenda mbali sana na pwani. Ya pili ni kupita karibu, maili moja au mbili, kabla ya jua kupanda: hewa iliyopoa usiku mlimani huteremka baharini na kujaza tanga. Mchana mambo hugeuka, kwa kuwa nchi kavu hupata joto na kuvuta upepo wa baharini, nao hukusogeza kwenye mwamba. Hapo usitegemee nanga. Ngazidja ni kisiwa kichanga kwa umri. Sehemu nyingi chini ni lava ngumu, na kina huporomoka hatua chache tu kutoka ufukweni. Mnyororo ukifika chini, chombo kimeshakaribia mno mawe.

Kwa hiyo mwenye injini apige hesabu mapema. Kisiwa kina urefu wa maili za baharini 35 hivi. Kwa mwendo wa noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, ni saa 7. Dizeli ndogo inayokula lita 3 kwa saa itataka lita 21, nawe weka akiba ya theluthi juu yake. Asiye na injini ashushe tanga au alifunge kivulini, kwani kupigapiga huko hula kamba na mishono kuliko upepo mkali.

Kaskazi ikiingia, kuanzia Novemba hivi, kivuli huhamia mashariki ya kisiwa, na Moroni, mji mkuu ulio pwani ya magharibi, iliyotulia miezi yote ya kusi, hupokea mawimbi usoni.